Chumba cha Makoti

Mwaka wa thelathini na mmoja huu napokea makoti
chini ya ngazi za jumba la opera, Riga.
Sura za wenyewe nazisahau kabla hawajafika ghorofani.
Makoti siyasahau.

Hili la sufu ya bei, kola wima kama upanga wa jogoo,
kumbe bitana imeshonwa kwa nyuzi mbili:
mweusi ulipokwisha, wa buluu ukashika zamu.
Mwenyewe huniachia bakshishi kubwa
na hanitazami akiitoa.

Lile la manyoya, zito kama mtoto aliyelala,
Zelma na Biruta huvaliana.
Ijumaa iliyopita lilimwishia Zelma magotini;
leo kwa Biruta pindo limefagia theluji ya mtaa mzima,
naye anapita kichwa juu, kana kwamba fundi
ndiye aliyekosea.

Na Bwana Ilmārs.
Koti la kijivujivu, vifungo vinne vya pembe,
cha tano plastiki, chekundu kama pipi.
Nilimhukumu msimu mzima. Mjane, nikasema,
hana wa kumshikia sindano.
Usiku mmoja ulimi ukaniteleza:
"Nikutafutie kinachofanana na wenzake?"
Akakifunika kwa kiganja, upesi,
kama mtu aliyesikia mlango ukigongwa.
"Mjukuu wangu ndiye aliyekishona. Ana miaka sita.
Alikichagua yeye."

Nikampa kibao chake, namba kumi na tisa.
Masikio yaliniwaka hadi kipindi cha pili.

Sasa kuna koti moja ambalo halikuchukuliwa.
Namba themanini na nane, tangu Januari,
usiku ule wa digrii kumi na nne chini ya sifuri.
Mfukoni: tiketi ya basi la Liepāja, haijatobolewa,
glavu moja ya kike, ya kushoto,
na nusu ya mkate mweusi ndani ya leso.
Mkate niliutupa. Leso niliifua.

Alitokaje nje bila koti, baridi ile?
Meneja anasema tulipeleke kwa maskini.
Namwambia kesho.

Kila Jumatatu nalipiga brashi.
Bega la kulia limeshuka kidogo,
bega la mtu aliyezoea kubeba mkoba mzito,
au fidla, au mtoto, au

hapana.
Bega limeshuka.
Basi.