Skrubu Mia Mbili na Arobaini

Mzungu wa shamba la kahawa aliporudi kwao
alimwachia kaka yangu Ndelilio
kwadi mbovu, kofia moja iliyopasuka,
na kopo la skrubu fupi, ncha zake kama meno ya panya.
Za barafu, alisema.
Kwao ziwa hulala miezi minne likawa sakafu,
vijana wakashindana juu yake,
samaki wakiwasikiliza kutoka chini.

Mimi ni fundi tairi, hapa Pasua.
Miaka tisa natoa skrubu kwenye mpira,
sijawahi kuombwa kuzitia.
"Aikande," akasema, "Jumamosi ni mbio za Uru.
Mvua wiki nzima, udongo wa kule umekuwa sabuni.
Utelezi ni utelezi."

Basi nikakaa na taa. Sitini kila tairi.
Unatoboa kutoka ndani, kichwa kibaki tumboni,
ncha ichomoze kwenye jino nene, siyo bondeni,
bondeni mpira ni mwembamba kama ngozi ya sikio.
Kisha unakata tyubu kuukuu ya lori,
unaitandika ndani kama godoro
vichwa visije vikamng'ata mwenye nyumba.
Saa saba usiku kidole gumba kimeota lengelenge
na mama amegonga ukuta mara tatu:
we mtoto, unamshonea nani viatu?

Nikataka kujaribu. Barafu nitaitoa wapi?
Ile ya Kibo naiona nikipiga mswaki,
kila mwaka inarudi nyuma
kama nywele za mjomba Anaeli.
Haiazimwi.
Nikaenda kwa muuza samaki,
akaniuzia donge la elfu tatu, magamba mawili ndani yake.
Tukaliweka barazani, tukalishushia gurudumu.
Krrrt.
Watoto wote wakanyamaza.
Ilishika! Nawaambia ilishika,
ikachimba vijishimo vinane, vyeupe,
kisha jua la saa nne likaja kudai chake,
tukabaki na kwadi katikati ya dimbwi
na paka akilamba.

Uru. Kwadi sita, ukungu, harufu ya petroli na ndizi za kuchoma.
Kona ya kwanza Ndelilio aliikata kama wembe.
Ya pili pia. Nikapiga kelele
mpaka nikasahau jina lake, nikawa naziita tairi.
Kona ya tatu udongo ukajaa kati ya ncha,
ukazimeza zote.
Barafu hubisha, ndiyo maana inang'atika.
Udongo wetu haubishi.
Unakukubali, unakukubali,
hadi unajikuta mgombani, miguu juu.
Wa tano kati ya sita.
Migomba miwili tuliilipia.

Tuliteremka mjini jioni, yeye kwenye usukani,
mimi nyuma nimekumbatia kofia.
Kwenye lami tairi zilitoa cheche,
tukacheka, tukaona ni sherehe.
Hatukusikia kitu kikidondoka.

Jumatatu, saa moja asubuhi, foleni kibandani:
bodaboda saba, bajaji mbili,
baiskeli ya muuza maziwa na madumu yake,
na mwalimu Ndesario, anayechelewa, anayeniambia anachelewa.
"Dada, sijui ni watu gani hawa
wanaomwaga misumari barabarani.
Roho mbaya tu."
Nikainama na koleo.
Ikatoka taratibu, fupi, ncha kama jino la panya.
Nikaitazama kuliko inavyostahili skrubu.
"Elfu moja?"
"Leo bure," nikasema, uso kwenye beseni la maji,
nikitafuta mapovu.
Akaniombea baraka. Mwalimu naye akaniombea.
Muuza maziwa akaacha nusu lita.

Usiku nilizihesabu zilizobaki kwenye tairi:
mia moja na tisini.
Kwenye kopo, kumi na moja.
Thelathini na tisa ziko njiani bado,
kati ya Uru na mlango wangu.

Kesho nafungua mapema.