Kopo la Tisa

Jumanne, kabla umande wa Bahati haujakauka,
nachukua chujio, sahani nyeupe,
na lenzi ambayo baba aliisomea gazeti hadi macho yakamkataa,
nashuka mistari ya rasiberi kuhesabu waliozama.

Makopo ni ya maziwa lala, nimeyapaka rangi nyekundu,
maana mdudu huyu hufuata wekundu wa kilichoiva.
Nimeyatoboa kwa msumari uliolala makaani:
tundu dogo, nzi apite, nyuki abaki na safari yake.
Ndani mna siki, hamira, sukari vijiko viwili,
na tone la sabuni ya vyombo
ili uso wa maji usimbebe mtu.

Wiki ya kwanza harufu ilifika barabarani.
Naibu wa chifu akaja akinusa,
akaniuliza busaa hii namuuzia nani.
Nikamfunulia kopo. Akachungulia,
akawaona wamelala chali chini,
akasema, Hawa nao wamekunywa bila leseni.
Akaondoka na matunda kofiani.

Wengi ni nzi tu.
Nzi wa ndizi iliyopasuka, nzi wa maganda jikoni,
wapitanjia wasio na kesi.
Nawatenga kwa unyoya wa kuku, mmoja mmoja,
nikimtafuta dume mwenye doa jeusi kila bawa,
kama aliyechovywa wino akapiga kura mara mbili.
Jike hana doa.
Jike ana msumeno mkiani.

Wahenga walisema nzi kufa juu ya kidonda si haramu.
Huyu hangoji kidonda.
Hutafuta ngozi nzima, tunda linaloanza tu kuona haya,
akalichanja, akaweka yai,
akaenda zake bila kuacha mlango wazi.

Wiki saba niliandika sifuri.
Gathogo, mwenye shamba, alizipenda sifuri zangu,
alizipitisha kidole kama mtu anayehesabu mayai.

Ya nane, kopo la tisa,
lile la upande wa korongo, penye miiba na matunda mwitu:
dume mmoja.
Nikafuta lenzi kwa leso. Nikatazama tena.
Madoa mawili.

Mmoja? akasema Gathogo. Mmoja si idadi, Tabutany.
Alhamisi lori la mnunuzi liko langoni.
Mmoja ni bahati mbaya, upepo, mgeni.
Andika kama wiki zote.

Sikubishana. Nilichuma konzi moja ya mstari ule,
nikaitia katika beseni la maji ya chumvi,
tukakaa juu ya kreti zilizopinduliwa.
Yeye alikuwa akila tunda. Menengai ilikuwa bado na ukungu.
Robo saa hivi.
Kisha kutoka katika tunda zuri kuliko yote
kikachomoza kitu cheupe, chembamba
kama uzi unaobaki kifungo kikidondoka,
kikajinyoosha majini.
Gathogo akaacha kutafuna.

Hakutema, nasema kweli. Alimeza, kwa heshima ya mali yake.
Halafu akawaita wachumaji wote, hata Nekesa aliyekuwa likizo,
vilivyoiva vikashuka siku hiyohiyo,
vilivyoanguka vikafungwa katika mifuko myeusi
vikaachwa juani vipikike na walio ndani.

Watu hudhani kopo linalinda.
Kopo halilindi chochote.
Ni jirani anayegonga dirisha usiku;
kuamka ni kazi yako.

Jioni nilisuuza, nikamimina chambo kipya,
nikalitundika la tisa kivulini, kimo cha matunda,
vidole vinanuka hamira mpaka leo.
Nikafungua daftari.
Nikaandika moja.
Imesimama wima chini ya sifuri saba
kama mtu aliyechelewa mkutanoni,
na ndiye mwenye habari.