Dakika Tano, Barabara ya Kumi na Sita

Nilikwenda Ngamiani na kinasa sauti na fomu ya kurasa mbili.
Bi Mwanasiti akatandika mkeka, akautandua, akaleta kiti:
mgeni wa hospitali hakai chini.
Nikasema nilivyofunzwa kusema:
Niambie kuhusu Mhina. Ni mtu wa namna gani, mnaishije.
Dakika tano. Mimi nitanyamaza.

Akacheka. "Miaka kumi na mmoja hakuna aliyeniuliza,
leo unanipa dakika tano?"

Kidude kikafumbua jicho lake jekundu.

Halali, akasema. Anakesha kama mlinzi asiye na mshahara.
Namfulia. Namkata kucha. Vidonge namhesabia mimi,
fungua mdomo, inua ulimi.
Ana miaka thelathini na minne.
Siku nyingine namwita mvivu, Mungu anisamehe.
Redio aliivunja, eti inamtaja jina.
Na kweli ilimtaja: yalikuwa matangazo ya vifo,
na akina Mhina Tanga hii hawahesabiki.

Akanyamaza. Sheria inasema usimchokoe.
Bati likajinyoosha kwa jua.
Nyuma ya pazia gurudumu la baiskeli likizunguka,
tik, tik, tik.
Kisha, taratibu:
Huyu atanizika.

Jicho likafumba.

Usiku, Bombo, feni mbovu,
mimi na Kihiyo, kila mtu na waya wake sikioni.
Kuna safu ya lawama. Kuna safu ya uadui.
Kuna ya kujitwika: mzazi abebaye mtu mzima mgongoni.
Kuna ya sifa. Ya mwisho waliitafsiri "joto",
maana fomu ilitoka nchi ambako watu huota moto mchana.
Tanga, mwezi wa pili, nani amtakie mwenzake joto?
Kwetu dua ni moyo upoe.
Tukaiacha hivyo hivyo. Tukahesabu.

Lawama zikifika sita, nyumba inaandikwa kali.
Tulikuwa na tano, na hiyo moja.

Huyu atanizika.
Mimi niliandika lawama.
Nimewasikia mama wengi: mwanangu, unaniua.
Kihiyo akaandika sifa.
Kwao Muheza, alisema, ukimtaja wa kukuzika
umemtaja atakayeshuka kaburini akupokee mikononi.
Hutaji mzigo hapo. Unataja mtoto.

Tukarudisha. Tukarudisha tena.
Mara ya tisa nikasikia pumzi kabla ya neno,
fupi, ya puani,
na sikujua ni ya mtu aliyechoka au anayetabasamu.
Kihiyo akavua waya, akasema kesho ana zamu.

Jumanne nikarudi mwenyewe. Hilo halimo katika utaratibu.
Bi Mwanasiti hakuwepo, amekwenda hitimani Makorora.
Mhina alikuwa uani,
baiskeli ya jirani imepinduliwa, magurudumu juu.
Hakunitazama. Alizungusha la mbele,
akaliinamia kwa sikio,
akitafuta linapogusa uma.
Akakaza spoki moja, robo tu. Akalegeza ya pili.
Mara akamwambia mtu nisiyemwona: ngoja, bado.
Akazungusha tena.

"Mama alisema nini juu yangu?"
Nikamwambia siruhusiwi.
"Alisema nitamzika. Pazia si ukuta."

Nikasahau mafunzo yote.
Alimaanisha nini? nikauliza.

Mhina akalisimamisha gurudumu kwa kiganja.
Akafikiri, kwa muda mrefu kuliko dakika tano,
au mimi niliona hivyo.
"Anasema kila siku," akajibu.
"Wewe unauliza ya siku ipi?"

Nilipofika barabarani nililisikia tena,
tik, tik,
halafu likapita kimya.