Pambizoni

Kitabu kilikuja kwa posta mwaka wa hamsini na tatu,
jalada la kijani, suke la ngano limepigwa chapa ya dhahabu:
nembo ya divisheni ya Baba.
Kurasa mia tatu na kumi. Ramani kumi na moja
zenye mishale minene inayokwenda mashariki
na mmoja tu, mwembamba, unaorudi.

Baba hakukisoma siku ile.
Alikipima uzito kiganjani kama apimavyo kwato,
akakiweka juu ya kabati la unga,
akarudi karakanani kufua bawaba za mlango wa padri.

Theluji ilipofunga njia ya kwenda Feltre
ndipo alipotwaa penseli bapa ya useremala,
akaichonga kwa kisu,
akaanza kuandika pambizoni.

*Divisheni iliondoka ikiwa na ari kubwa.*
Siku kumi na tisa garini. Nyumbu wanane kwa behewa.
Tuliimba hadi mpakani. Baada ya hapo Tullio aliumwa jino.

*Ilisonga mbele kwa miguu, kilomita elfu moja.*
Nilipiga misumari elfu sita na mia nne. Nilihesabu.
Nyumbu namba yake huchomwa kwatoni,
yetu ilining'inia shingoni. Hatukutofautiana kwa jingine.

*Wenyeji walitupokea kwa utulivu.*
Kwa kimya. Mwandishi hajui kuwa ni vitu viwili.

Ziko kurasa hakuandika neno.
Mto Don, Desemba: pambizo ni jeupe hadi ukingoni,
ila kwenye kona pana tundu,
mahali ncha ilipokaa, ikakaa,
mpaka ikatoboa.

*Kurudi nyuma kulifanyika kwa mpangilio.*
Hapa mwandiko umelala, umevuka mstari,
umepita juu ya maneno ya kanali:
Mpangilio! Tulikwenda kama maji yaliyomwagwa.
Aliyetuamuru nani? Miguu.
Ilario alikaa chini afunge kamba ya kiatu.
Bado anaifunga.

(Nami bintiye niongeze langu:
husemwa punda afe, mzigo ufike.
Kule punda alikufa, mzigo ukafa,
na bwana mwenye mzigo alikuwa Roma, anakula.)

Kisha, kwenye ukurasa wa mwisho wa sura, kwa herufi ndogo ndogo:
Kijiji sijui jina. Bibi mmoja, Pelageya, alifungua mlango.
Sikuwa na haki ya kubisha. Agosti tulimla ng'ombe wake,
si mimi, wenzangu, lakini ng'ombe hajui kikosi.
Akanipa viazi viwili na nafasi nyuma ya jiko la matofali.
Hakunitazama usoni hata mara moja.
Alfajiri nilimwachia Bruna, namba 2217, aliyekuwa akichechemea.
Nilimng'oa viatu vyote vinne kwanza,
nikaikwangua namba kwa tupa,
asije akachukuliwa tena kuwa wa jeshi, letu wala lao.
Alinisukuma begani kwa pua. Alidhani tunaondoka wote.

Viatu hivyo vinne viko nyumbani kwangu.
Nilipokuwa mdogo nilidhani vimetundikwa kwa ajili ya bahati.
Baba alinyamaza, akaniacha nidhani.

Mwishoni mwa kitabu pana majedwali.
Mstari wa watu: waliokufa, waliopotea, walioganda miguu.
Kandoni ameandika majina kumi na manne,
la kumi na tano ni herufi moja, *B*,
na karatasi imekwisha.

Chini yake: *Wanyama waliopotea, 4,106.*
Penseli imekata ile sita taratibu,
kwa mstari mmoja ulionyooka, wa fundi,
na juu yake imeandika tano.