Mwisho wa Upande wa Pili

Tulikuwa watatu na kaseti moja iliyochoka:
mimi, Owori wa Tororo, na Mugarra mpiga picha
ambaye kamera yake ilikata moto tangu Fort Portal.
Tulipanda Kilembe kwa miguu,
mto Nyamwamba ukisagasaga mawe pembeni,
tukitafuta mahali walipokaa Nyundo Tano wakarekodi.

Huwajui Nyundo Tano. Si kosa lako.
Wachimba shaba watano, magitaa mawili,
nyimbo nane, kisha kimya.
Kwenye jalada, mahali pa anwani, neno moja tu: Chini.
Nasi miaka kumi na minne tumebishana juu ya hiyo chini.

Owori alishikilia ni handaki, lile lililozibwa kwa zege.
Maana nyimbo zikishakwisha, upande wa pili,
kuna sauti: shhhhh,
ndefu, kama maji yanayopita gizani,
na ndani yake, ukitega sikio, mtu anasema
"Usifungue."
Sekunde kumi na moja.
Mugarra amezichanja mkononi, wimbi la wino.
Mimi niliaga benki, nikasema nina msiba.

Mlinzi alituruhusu kugusa zege kwa masikio.
Tulisikia baridi.
Owori akalia, akaokota kijiwe cha kijani,
akakifunga kwenye leso kama jino la mtoto.

Nyuma ya nyumba za wafanyakazi, zile za namba,
mwanamke mmoja alituuliza tunaiba nini.
Tukamweleza. Kabugho alicheka hadi akashika ukuta.
"Chini ni hapa! Juu walikaa mameneja,
chini tukakaa sisi.
Walirekodi jikoni kwangu,
ndiko kulikokuwa na soketi."
Na ile shhhhh?
"Mafuta. Nilikuwa nakaanga sumbusa za zamu ya usiku."
Na usifungue?
"Namkataza mtoto. Paka alikuwa mlangoni."

Mugarra akateremsha mkono wa shati, polepole, mpaka kwenye kifundo.
Owori akakaa juu ya debe.

Ila kaseti yenyewe Kabugho hakuwahi kuisikia.
Ilipotoka kiwandani mume alikwishazikwa,
na redio ilikwishauzwa kulipia jeneza.
Basi tukamwekea.
Hakungoja mafuta yake.
Wimbo wa tatu, kabla gitaa halijaingia,
akanyanyua kidole chenye unga.
"Rudisha."

Nikarudisha.
Kikohozi.
Kidogo, kikavu, cha mtu anayegeuza uso asiharibu wimbo.
Sisi tuliohesabu kila sekunde
hicho tulikuwa tunakiruka.

"Rudisha."
Akasogeza kigoda.
"Rudisha."

Betri zikaanza kulegea.
Kikohozi kikashuka, kikawa kizito,
kikawa cha mzee wa miaka themanini,
umri ambao mwenyewe hakuufikia.
Kabugho akainamisha kichwa upande mmoja,
kama anayemsikiliza mtu akivua viatu chumba cha pili.

Hakuna aliyesema neno.
Owori akafungua tochi,
ile aliyoinunua kwa ajili ya handaki,
akatoa betri zake mbili, akanipa.