Bitana

Koti la zimamoto lilifika mezani kwangu, Bondeni,
limetatuka kwapani,
linanuka moshi, mpira, na mtu.
Nililipima kwa mizani ya jirani muuza viazi:
kilo tisa,
na hapo halina mtu ndani.

Lina tabaka tatu, fundi, Mwachiro akanieleza.
La nje halishiki moto.
La kati halipitishi maji.
La ndani ni blanketi. Limebuniwa kwao wenye theluji.
Na jasho je, hupitia wapi?
Akacheka. Halipiti.

Mwaka juzi, ghala la magunia, Shimanzi,
walimtoa Dzombo bila lengelenge hata moja.
Nyusi zake zote zipo.
Hakuungua. Alitokota
kwa moto wake mwenyewe, mfuniko umekazwa.

Mimi nimelelewa nyumba yenye mtungi.
Najua mtungi hupoza maji kwa kutoka jasho:
udongo unalia, upepo unafuta,
na maji yanakaa kama ya alfajiri.
Upake rangi ya mafuta upendeze, umeuua.
Basi nani alimpaka rangi Dzombo?

Wakaja watafiti, vijana wawili na sanduku.
Ndani, vifuko vyembamba vya nta.
Nta hii, walisema, huyeyuka kwenye digrii ishirini na nane,
na ikiyeyuka hunywa joto la mtu,
hunywa, hunywa, mpaka ishibe.
Nikaipenda. Nikaitia kwenye bitana,
vifuko arubaini na vinne, kifuani na mgongoni,
nikipaacha pale unapolala ule mtungi mwingine, wa hewa.

Lakini Mombasa haisomi karatasi za maabara.
Machi, saa nne asubuhi, stesheni,
nikavibonyeza vikiwa bado msumarini:
maji. Vyote maji.
Nta imeshiba kabla ya karamu.
Imekunywa joto la ukuta, la bati, la mji mzima,
na kengele haijalia.

Vijana wakatazamana. Mmoja akaandika kitu.
Mimi nikauliza jokofu liko wapi.

Basi sasa, pale penye soda
na ndimu za mpishi na changu wa Ijumaa ndani ya gazeti,
zimelala bitana sita, ngumu kama mbao.
Kengele ikilia, mkono huu unavuta koti,
mkono huu unafungua jokofu.
Wananuka samaki. Na wanuke.

Usiku wa lile lori la mafuta, Changamwe, sikuwako.
Mshonaji huwa hayuko.
Nilikuwa macho tu kitandani, navihesabu vifuko
kama mtu anayevuta tasbihi:
cha kwanza kimelainika, cha pili, cha tisa,
kile cha chini ya bega la kushoto,
hivi fundo nililifunga?

Asubuhi Mwachiro akapita, macho mekundu,
alama ya barakoa imemchora mashavu.
Hakusema ahsante. Alisema:
Dakika kumi na moja, fundi.
Pale ambapo siku zote kichwa huanza kuzunguka,
nilipata kumi na moja zaidi.
Katika ya saba nikaona kiatu cha utingo.
Katika ya nane, mguu ndani ya kiatu.
Zilizobaki zilikuwa za kutembea.

Akaitandaza bitana mezani.
Nikaishika. Ilikuwa na joto bado,
joto la mtoto aliyebebwa mgongoni akalala.
Kimoja kinavuja, akasema. Hapa, chini ya bega.

Nikatafuta sindano.