Daftari la Bukuru

Ukurasa wa kwanza, wino wa bluu:
Bukuru Minani, miaka ishirini na mitatu, Uvinza.
Anasikia sauti.
Chini yake neno ambalo muuguzi wa Maweni
alinitamkia polepole, kama anayemvusha mtu gogoni:
saikosisi.

Akanivuta dirishani.
"Mwaka wa kwanza ndio mbaya, Butoyi.
Wengi hutuponyoka humo. Usimwache."

Nikaelewa nilivyoelewa.
Kamba ya mbuzi nikaificha. Kisu nikakizika
kwenye debe la maharage. Dawa ya mchwa nikampa jirani.
Treni ya usiku ikipiga honi ng'ambo ya mto,
nilinyoosha mkono gizani nipapase
kisigino cha pacha wangu.
Kipo.
Nalala.

Vidonge vilimtuliza. Sauti zikafifia,
zikawa redio ya nyumba ya tatu.
Akarudi kwenye tanuri za chumvi kuchochea kuni,
akanenepa, mashati yakambana kwapani,
mama akashangilia: mwili umemkubali!

Mwezi wa nane kikaja kiu.
Dumu la lita tano kabla ya saa nne,
na usiku mlango ukilia mara tano, mara sita, anakwenda haja.
Asubuhi sisimizi walipanga foleni pale alipokojoa.
Niliwaona. Niliwamwagia majivu.

Tukasema ni joto la tanuri.
Tukasema ni kichwa chake.
Mwili ulionenepa ukaanza kumwagika,
mkanda ukatafuta tundu jipya, nikalitoboa kwa msumari
na sikuuliza.

Zahanati alisema mwenyewe, kwa utaratibu kabisa:
"Nina kiu. Macho yanaingia ukungu."
Tabibu akafungua daftari,
akasoma ukurasa wa kwanza,
akalifunga.
Kidole chake hakuna aliyekitoboa.

Siku ya tatu pumzi yake ilinukia ndizi zilizoiva kupita kiasi.
Alfajiri nikanyoosha mkono.
Kisigino kilikuwa pale pale.

Msibani walisema wazimu umemmaliza,
wakanawa, wakala.
Nilipopanda treni kumrudishia muuguzi daftari
alilisoma lote, amesimama. Sukari, akasema.
Kisha akakaa.

Nyumbani mbuzi wanazurura shamba la watu,
majirani wanalalamika.
Kamba nimeitafuta wiki nzima.
Sikumbuki niliificha wapi.